Ng'ombe Aliyefika Mwisho

Kila asubuhi Leberecht Wienecke alikata vipande viwili vya mkate mweusi. Kimoja alikila pamoja na kahawa. Cha pili alikifunga kwa kitambaa, akakiweka kando kwa ajili ya mchana. Kisha aliketi mezani akaandika.

Aliishi mjini Salzwedel, katika chumba kimoja juu ya karakana ya mtengeneza matandiko ya farasi. Siku nzima alisikia nyundo ikigonga chini yake. Nyundo iliponyamaza, alijua kwamba jioni imeingia. Kuna siku alilala bila kusema na mtu yeyote.

Leberecht alikuwa mwandishi wa vitabu vya kilimo. Hakusoma chuoni. Baba yake alikuwa mfumaji wa soksi, na yeye alijifundisha mwenyewe. Kila kiangazi alitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Aliwauliza wakulima: mmepanda nini? Mlipanda lini? Mmevuna kiasi gani? Aliandika majibu yao yote katika daftari. Theluji ilipoanguka, alirudi chumbani na kuyapanga majibu hayo yakawa kitabu.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Hakuwa na mke. Hakuwa na shamba, wala hakuwahi kufuga hata kuku. Watu wengi walimwuliza kwa barua habari za udongo. Ni wachache mno waliomwuliza habari zake.

Kitabu chake kilichosomwa zaidi kilihusu klova, yale majani ya malisho yenye vijani vitatu vitatu. Zamani wakulima wa nchi ile waliliacha shamba moja kati ya matatu likae bure mwaka mzima, ili udongo upumzike. Leberecht aliwaambia: msiliache bure. Pandeni klova. Italisha ng'ombe wenu, na udongo utapata nguvu papo hapo.

Alhamisi moja, siku nne baada ya Pentekoste, mtengeneza matandiko aligonga mlango.

"Una barua," alisema. "Mwandiko wake unatisha."

Leberecht aliifungua. Iliandikwa hivi:

"Kwa Bwana Wienecke anayeandika vitabu. Tulipanda klova kama ulivyosema. Jumapili ya Pentekoste ng'ombe tisa walivimba tumbo wakafa hapa Ellerhorst. Mmoja ni wangu. Jumatatu ijayo kijiji kitailima klova yote na kuifukia. Nimekuandikia ili usiandike tena. Mjane Ilsabe Schernikau."

Aliisoma mara tatu. Kisha akachukua kitabu chake, akatafuta ukurasa unaoeleza namna ya kulisha klova. Alikuta kurasa arobaini kuhusu kupanda. Kuhusu kulisha alikuta mstari mmoja tu: "Ng'ombe huipenda sana."

Aliufunga mkate wake kitambaani, akachukua daftari, akavaa viatu vya safari.

*

Kutoka Salzwedel hadi Ellerhorst ni mwendo wa saa sita kwa miguu. Alifika mchana. Mwanamke mwenye kilemba cheusi cha msiba alikuwa akisugua ndoo kando ya zizi.

"Habari za mchana, mama," alisema Leberecht.

"Nzuri kwa nani?"

"Mimi ni Wienecke."

Mwanamke aliacha kusugua. Alimtazama kuanzia viatuni mpaka kofiani.

"Nilidhani wewe ni mtu mnene," alisema.

"Kwa nini?"

"Watu wa vitabu kazi yao ni kukaa na kula."

"Kukaa nakaa sana, mama. Pole kwa ng'ombe wako."

Ilsabe aliweka ndoo chini. Alifungua mlango wa zizi. Upande mmoja palikuwa wazi, na nyasi za kulalia zilikuwa zimeondolewa. Upande wa pili alisimama ng'ombe mwekundu mwenye alama nyeupe usoni. Ndama alikuwa akinyonya.

"Huyu ni Blesse," alisema Ilsabe. "Alizaa Ijumaa, ndiyo maana hakwenda mbio. Angekwenda, leo ungekuta zizi tupu."

"Kwa hiyo Jumapili mliwakimbiza?"

"Sasa Pentekoste bila mbio ni Pentekoste gani?"

Leberecht alizijua mbio hizo. Katika vijiji vile, malisho mazuri hufungwa mpaka Pentekoste. Siku hiyo, kabla jua halijachomoza, kila nyumba huwatoa ng'ombe wake na kuwaswaga mbio hadi malishoni. Wa kwanza kufika huitwa Mfagia Umande, na watu humshangilia. Wa mwisho huitwa Ng'ombe wa Madoa. Huvishwa taji la majani yanayowasha, na mwenyewe hutaniwa mwaka mzima. Mambo hayo Leberecht aliyaona tangu akiwa mdogo. Hakuwahi kuyaandika. Aliyaona kuwa ni michezo tu.

"Mwaka huu mkuu wa kijiji alisema tumalizie mbio kwenye klova," Ilsabe aliendelea. "Alisema ni heshima kwa klova."

"Ikifukiwa, Blesse atakula nini wakati wa theluji?"

"Hatakula. Nitamuuza kwa mchinjaji. Sina malisho mengine. Mimi mwenyewe nitakwenda kwa kaka yangu, nikamfulie mke wake. Mke wake hunihesabia hata vijiko vya supu." Aliinua ndoo. "Haya, umekuja kuniambia nini?"

"Sijajua bado," alisema Leberecht. "Nimekuja kuuliza."

*

Alikwenda kwenye kila nyumba iliyofiwa na ng'ombe. Kila mahali aliuliza maswali matatu. Jumamosi jioni ng'ombe alikula nini? Jumapili alifika kwenye klova saa ngapi? Alikula kwa muda gani?

Hawakumpokea kwa furaha.

"Andika pia kwamba alikuwa na jina," alisema mama mmoja. "Aliitwa Lotte. Andika hapo. Lotte."

Leberecht aliandika.

Mkuu wa kijiji, Behrend Nitze, alikuwa amepoteza watatu. Alisimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Mimi ndiye niliyeshinda mbio," alisema. "Nilikuwa wa kwanza kufika, na wa kwanza kuchimba shimo la kuzika."

"Jumamosi jioni walikula nini?"

"Hawakula. Ng'ombe mwenye shibe atakimbia? Swali gani hilo?"

"Mlifika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Umande ulitulowesha mpaka magotini."

"Na walikula kwa muda gani?"

"Mpaka walipoanguka, Bwana Mwandishi."

Nyumba zote zilijibu hivyo hivyo. Ijumaa asubuhi Leberecht aliketi kwenye ukuta wa mawe wa Ilsabe, akasoma daftari lake. Hakuona njia. Majibu yote yalifanana kama mayai.

Ilsabe alimletea bakuli la mtindi. "Umemaliza nyumba zote?"

"Zote zilizopoteza ng'ombe."

"Na ambao hawakupoteza?"

Leberecht aliinua kichwa. "Wapo? Waliokwenda kwenye klova na kurudi wazima?"

"Yupo mmoja. Jochen Wulkau, mshonaji nguo. Ila usimcheke. Amechekwa ya kutosha."

Taji la majani yanayowasha lilikuwa bado limening'inia kwenye mlango wa Jochen. Yeye mwenyewe alikaa dirishani akishona, mguu wake mbovu ameuegemeza juu ya kigoda.

"Karibu kwa Ng'ombe wa Madoa," alisema. "Hata wewe umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuuliza. Ng'ombe wako alikula klova Jumapili?"

"Alikula."

"Klova ile ile ya wenzake?"

"Kwani ziko ngapi? Ile ile. Alikula kidogo, akarudi nyumbani, akanipa maziwa. Tangu siku hiyo watu hawanisalimii. Wanadhani nimewaroga ng'ombe wao kwa sababu walinicheka. Nimekaa hapa siku tano nazungumza na sindano."

Leberecht aligeuza ukurasa wa daftari. Mazungumzo na sindano aliyaelewa. Kisha akauliza, "Kwa nini ulichelewa?"

"Nilikuwa nashona suruali ya mkuu wa kijiji. Nililala nimechoka, nikaamka jua limetoka. Ng'ombe alikuwa analia njaa. Nikamtupia mabua na nyasi kavu anyamaze, nami ninywe kahawa yangu taratibu. Nikasema, wa mwisho ni wa mwisho tu, haraka ya nini?"

"Mlifika saa ngapi?"

"Saa tatu. Kengele ya kanisa ilikuwa inalia."

"Na umande?"

"Umande gani saa tatu? Ulishakauka. Tukakaa kama robo saa hivi. Halafu wakaja na taji lao na makelele, kabla ng'ombe wao hawajaanza kuanguka. Ng'ombe akaogopa, tukarudi."

Leberecht aliandika kila neno.

"Bwana Jochen," alisema, "leo wewe ndiye mwalimu wangu."

"Sema polepole, tafadhali. Wakisikia watanivisha taji la pili."

*

Mchana ule wanaume na wanawake wa kijiji walikusanyika uwanjani kwa Nitze. Leberecht aliwaeleza taratibu, akiunganisha majibu yao na yale aliyowahi kusoma juu ya uvimbe wa tumbo.

"Klova si sumu," alisema. "Lakini ikiwa changa na mbichi hufanya povu tumboni mwa ng'ombe. Hewa hunaswa ndani ya povu hilo. Ng'ombe hawezi kupiga mbweu, kwa hiyo anavimba. Akivimba sana hawezi kupumua. Ng'ombe wenu walikuwa na njaa ya usiku mzima, wakala kwa pupa. Klova ilikuwa imelowa umande. Wakala nyingi mara moja. Ng'ombe wa Jochen alikuwa na nyasi kavu tumboni. Klova yake ilikuwa imekauka. Naye alikula kidogo."

"Maneno," alisema Nitze. "Tulifuata maneno yako, tukazika tisa. Thibitisha. Leta ng'ombe wako, ale mbele yetu."

"Sina ng'ombe."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wala shamba."

Watu walitazamana. Mtu mmoja akaanza kucheka, na wengine wakafuata. Leberecht alisubiri. Hakukasirika. Aliona wana haki ya kucheka.

"Mchukueni Blesse," ilisikika sauti nyuma.

Kicheko kilikatika. Ilsabe alijipenyeza mpaka mbele.

"Ilsabe, umerukwa na akili?" aliuliza Nitze. "Huna mwingine."

"Najua idadi ya ng'ombe wangu, Behrend. Mkiifukia klova Jumatatu, nitamuuza tu. Nikimpoteza kesho au nikimpoteza kabla ya theluji, ni kupoteza." Akamgeukia Leberecht. "Lakini ukikosea, bwana, utaniachia kamba mkononi. Uelewe hivyo."

"Ninaelewa," alisema Leberecht.

*

Jumamosi asubuhi Blesse alipewa kwanza nyasi kavu. Alikula mpaka akapunguza haraka ya kutafuna. Leberecht alikwenda mwenyewe kwenye klova. Kila mara alipapasa majani kwa kiganja. Kiganja kilipolowa, alisema, "Bado." Saa tatu kiganja kilibaki kikavu.

"Sasa," alisema. "Robo saa, basi. Siku ya kwanza isizidi hapo."

Kijiji kizima kilisimama kando ya shamba. Blesse aliinamisha kichwa, akaanza kula.

Nitze alisogea karibu na Leberecht. Labda aliona aibu kwa kicheko cha jana. Aliuliza, "Hebu niambie. Kwa nini udongo unapata nguvu baada ya klova? Nimeona shayiri yangu, ni kweli."

Leberecht alianza kumjibu. Mtu mwingine akauliza kuhusu mbegu. Mwingine kuhusu shamba la kichanga. Wakamzunguka. Kwa miaka mingi Leberecht alikuwa akiwauliza watu, na leo watu walikuwa wakimwuliza yeye, wakimtazama usoni. Alieleza hili, akaeleza na lile. Akachora ardhini kwa fimbo. Akasahau saa.

"Bwana Wienecke!" Ilsabe alipiga kelele. "Mtazame ubavuni!"

Leberecht aligeuka. Upande wa kushoto wa ng'ombe, nyuma ya mbavu na mbele ya nyonga, pana sehemu iliyobonyea kama shimo. Kwa Blesse shimo hilo lilikuwa limejaa. Ngozi ilikuwa imekaza kama ya ngoma. Blesse hakuwa akila tena. Alipiga tumbo lake kwa mguu wa nyuma, akatoa ulimi.

Leberecht alikuwa amesoma juu ya jambo hilo. Sasa alibaki amesimama.

Mzee Kersten, mchunga ng'ombe wa kijiji, ndiye aliyekimbia. "Pisheni! Mpandishe kwenye mwinuko, Ilsabe. Miguu ya mbele juu, ya nyuma chini. Asilale! Akilala amekwisha. Nani ana nyasi kavu? Nisokotee kamba, nene kama kifundo cha mkono wangu!"

Jochen ndiye aliyesokota. Vidole vyake vilizoea kazi ya upesi. Kersten aliipaka kamba mafuta ya nguruwe, akampitishia Blesse mdomoni kama lijamu ya farasi, akaifunga nyuma ya pembe.

"Sasa atatafuna," alisema. "Akitafuna, mate yanashuka na hewa inapanda. Wewe Bwana Mwandishi, umesimama kama mlingoti kwa nini? Msugue hapo kushoto! Kwa nguvu!"

Leberecht alitupa koti chini, akasugua. Ilsabe alileta chupa ya mafuta ya mbegu za kitani.

"Taratibu," alisema Kersten. "Kidogo kidogo, kutoka pembeni mwa mdomo. Usimwinue kichwa sana, yatakwenda kwenye mapafu. Mafuta yanavunja povu."

Blesse alitafuna kamba. Macho yake yalikuwa yamemtoka. Leberecht alisugua, na jasho likamwingia machoni. Chini ya viganja vyake tumbo lilikuwa gumu kama mbao.

Kisha Blesse alinyoosha shingo, akapiga mbweu. Ilikuwa ndefu, yenye harufu kali ya majani. Akapiga ya pili na ya tatu. Ngozi ikaanza kulegea.

Ilsabe aliweka paji la uso wake kwenye shingo ya ng'ombe, akabaki hivyo.

"Basi," alisema Nitze. "Tumeona. Amevimba kama wale wengine."

Leberecht alifuta uso. "Kosa ni langu," alisema. "Nilisema robo saa. Amekula saa nzima, kwa sababu mimi nilikuwa napiga domo. Si kosa la klova, wala la Ilsabe."

"Sikia, Behrend," alisema Kersten. "Jumapili wale tisa walipoanza kuvimba walianguka upesi mno, kabla hata sijafika kwa mmoja. Huyu amekula saa nzima, akavimba taratibu, na bado amesimama. Tofauti ipo. Mimi nilikuwepo siku zote mbili."

Nitze alikuna kidevu. "Kesho," alisema hatimaye. "Baada ya ibada. Ilsabe akikubali."

Wote walimtazama Ilsabe. Alipapasa ubavu wa Blesse uliolegea.

"Robo saa," alimwambia Leberecht. "Na ufunge mdomo."

*

Jumapili Leberecht alisimama peke yake katikati ya klova, saa mkononi. Watu walipomsemesha, hakuwajibu. Robo saa ilipotimia alimshika Blesse kamba, akamtoa shambani. Alikaa naye zizini mchana kutwa. Kila baada ya muda alibonyeza ubavu wa kushoto kwa vidole. Ulibonyea kwa urahisi. Jioni Ilsabe alikamua, na ndoo ikajaa kuliko siku zote za wiki ile.

Jumatatu plau hazikutoka. Nitze alitangaza kwamba klova itabaki. Mbio za Pentekoste nazo zingebaki, ila zingefanyika baada ya ibada, umande ukiwa umekauka, na kila ng'ombe angepewa nyasi kavu kwanza. Kwenye klova kila mtu angesimama na ng'ombe wake robo saa tu, siku zinazofuata muda uongezwe kidogo kidogo. Mzee Kersten aliwafundisha wote, nyumba kwa nyumba, kusokota ile kamba. Jochen aliteremsha taji mlangoni. Yule mama aliyempoteza Lotte ndiye aliyekuwa wa kwanza kumletea nguo ya kushona.

Ilsabe alimfungia Leberecht jibini ya safari.

"Kuna mtu wa kukupikia huko?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi uile yote. Usiifunge karatasini ukaiweka akiba."

Leberecht alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu. Ilsabe alikuwa tayari amerudi kwa ndama. Leberecht alivaa kofia, akashika njia ya Salzwedel.

*

Majira yale ya baridi aliandika ukurasa mmoja mpya katika kitabu chake. Ulimchukua muda mrefu kuliko zile kurasa arobaini. Uliandikwa hivi:

"Katika kitabu cha kwanza nilisahau jambo, na ng'ombe tisa walikufa. Kwa hiyo soma hapa kabla ya kupanda. Usimpeleke ng'ombe kwenye klova akiwa na njaa, mpe nyasi kavu kwanza. Usimpeleke wakati wa umande au baada ya mvua, subiri majani yakauke. Siku ya kwanza ale robo saa tu, na ongeza kidogo kidogo kila siku. Simama karibu naye, usiende kuzungumza na watu. Ubavu wa kushoto ukijaa, mtoe upesi, miguu ya mbele iwe juu, mfunge kamba ya nyasi mdomoni atafune, msugue, na mpe mafuta taratibu. Tuma mtu akamwite mjuzi wa mifugo mara moja. Haya nilifundishwa Ellerhorst na mshonaji nguo, mchunga ng'ombe na mjane."

Mwaka uliofuata ilikuja barua fupi. "Klova tuliikata mara mbili. Blesse ana mimba. Sikwenda kwa kaka yangu. I. Schernikau." Leberecht aliiweka ndani ya daftari. Barua nyingine haikuja.

Miaka saba ilipita. Kiangazi kimoja Leberecht alikuwa akitembea mbali sana na Salzwedel, ng'ambo ya mto Elbe. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Asubuhi mapema alipita karibu na shamba la klova. Mwanamke kijana alisimama kwenye lango na ng'ombe wawili. Mbele yao alikuwa ametupa mabua na nyasi kavu.

"Habari za asubuhi," alisema Leberecht. "Klova iko hapo hapo, na wewe unawapa mabua?"

"Salama, mzee. Bado kuna umande."

"Umande una shida gani?"

Mwanamke alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu wa mjini. "Watavimba. Lazima wale kikavu kwanza, na majani yakauke. Halafu robo saa, basi."

"Nani alikufundisha?"

"Kufundishwa? Ndivyo ng'ombe wanavyolishwa, mzee. Hata bibi yangu anafanya hivi."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani sana. Sijui. Watu wote wanajua."

Leberecht alifungua mdomo, kisha akaufunga.

"Inaonekana hujawahi kufuga," alisema yule mwanamke.

"Sijawahi."

"Basi kaa hapo utazame. Si kazi ngumu, utajifunza tu."

Leberecht aliweka mfuko wake chini, akaketi juu ya jiwe kando ya lango. Akangoja pamoja naye mpaka umande ukauke.